Umlipe, umshtukize kwa zawadi, umsifu, au umwache? Ulinganisho kwa mzazi anayetaka mtoto apende kusoma

Likizo moja ya mwezi wa sita nilitangaza nyumbani kwangu: atakayemaliza kitabu cha hadithi na kunisimulia kilichomo, anapata shilingi 500. Nina watoto wawili. Binti alikuwa darasa la tatu, kaka yake darasa la tano. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, na kwa miaka mingi wazazi wamekuwa wakinifuata baada ya kikao kuniuliza wafanye nini ili watoto wao wapende vitabu. Nilikuwa na majibu tayari. Likizo ile ilinifanya niyaangalie upya yote.

Binti yangu alikuwa anasoma chochote chenye herufi. Nikimtuma vitumbua asubuhi, anarudi amechelewa kwa sababu amesimama njiani anasoma kipande cha gazeti alichofungiwa. Akifika anakikunjua mezani, kimelowa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanaonekana mbele, anauliza, "Mama, huyu mwizi walimkamata?" Habari imekatwa katikati, na mimi sijui. Kaka yake alikuwa kinyume chake kabisa. Kitabu kwake kilikuwa adhabu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na akifika mwisho wa mstari ameshasahau mwanzo wake.

Wiki ya pili binti ameshaniletea vitabu tisa, vyote vyembamba, vyenye picha kubwa na mistari miwili chini. Kile kitabu kinene alichokuwa anakisoma kabla ya tangazo langu kilibaki juu ya kabati, jani limewekwa alama ukurasa wa 40. Nilimkuta barazani anasoma huku akifunua kurasa za mbele kuhesabu zilizobaki. Halafu akaniuliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo: "Mama, gazeti la vitumbua nalo linahesabika?" Nikamwambia hapana, ni vitabu tu. Kesho yake gazeti lilitupwa jalalani likiwa limefumbatwa.

Kaka yake naye? Kitabu cha kwanza kilimchukua siku sita. Alikisoma kwa ajili ya 500 na hakunificha. Cha pili siku nne. Kufikia cha tano kidole kilikuwa kimeondoka kwenye ukurasa. Mwezi wa nane nilimkuta kwa jirani anawasomea wenzake habari za Simba na Yanga kwenye gazeti, wao wamemzunguka, na hakuna aliyekuwa anamlipa.

Pesa ile ile, nyumba ile ile, mama yule yule. Kwa hiyo mtu akiniambia zawadi huharibu watoto, namuuliza ni mtoto yupi. Akiniambia bila zawadi mtoto hasomi, namuuliza hivyo hivyo. Nitazilinganisha njia nne ambazo wazazi wengi wa huku tunazitumia, nikieleza kila moja inamfaa mtoto wa namna gani na inagharimu nini.

Pesa ya ahadi na zawadi ya kushtukiza

Wengi huziweka hizi mbili kapu moja kwa sababu zote ni kitu cha kushikika. Zitenganishe. Tofauti iliyopo kati yake ni kubwa kuliko tofauti ya pesa na baiskeli.

Jaribio linalonyesha hili vizuri kuliko yote lilifanywa kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1973. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto 51 wa miaka mitatu hadi mitano ambao, wakiachiwa wachague mchezo wenyewe, walikuwa wanapenda kuchora kwa maka peni za rangi. Shika hapo: walichaguliwa watoto ambao tayari wanapenda. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba wakichora watapata cheti cha mchezaji mwema, chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu. Kundi la pili likachora bila kuambiwa lolote, kisha likapewa cheti kile kile bila kutegemea. La tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu.

Wiki moja hadi mbili baadaye maka peni zilirudishwa mezani darasani, kila mtoto yuko huru kucheza anachotaka, na watafiti wanatazama wakiwa wamejificha nyuma ya kioo. Waliokuwa wameahidiwa cheti walitumia karibu asilimia 9 ya muda wao kuchora. Ambao hawakupata kitu, karibu asilimia 17. Walioshtukizwa, asilimia 18. Tena, ile siku ya cheti, walioahidiwa walichora michoro mingi lakini dhaifu kuliko ya wenzao. Nilipoyasoma hayo niliviona vile vitabu tisa vyembamba.

Cheti kilikuwa kimoja na nyota ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kile mtoto alichojieleza moyoni. Aliyeshtukizwa anajiambia: nilichora kwa sababu napenda, halafu mwalimu akafurahi. Aliyeahidiwa anajiambia: nilichora ili nipate cheti. Cheti kikishapatikana, sababu imekwisha. Mtoto hakai chini kuliwaza hilo kwa maneno, ila mwili wake unajua, na mkono wake unakwenda kwenye mchezo mwingine.

Watu wazima nao ni hivyo hivyo. Miaka miwili kabla, mwaka 1971, Edward Deci alichapisha majaribio aliyowapa wanafunzi wa chuo fumbo liitwalo Soma, vipande saba vya kupanga viwe umbo fulani. Siku ya pili nusu yao walilipwa dola moja kwa kila umbo walilolipatia, siku ya tatu malipo yakaondolewa. Katikati ya kila kipindi yeye alitoka chumbani kwa dakika nane, akawaachia fumbo na magazeti mezani, wafanye watakalo. Waliowahi kulipwa, siku malipo yalipokoma, walilishika fumbo kwa muda mfupi kuliko siku ya kwanza kabla hawajalipwa hata senti.

Sasa weka njia hizo mbili kando kwa kando. Zawadi ya kushtukiza haimharibu mtoto anayependa, lakini haiwezi kumwanzisha asiyependa, kwa sababu haijulikani mpaka kazi iishe. Mwanangu wa kiume nisingemshtukiza kwa lolote. Hapakuwa na kitabu alichokimaliza ili nimshtukize. Pesa ya ahadi inaweza kumsukuma akaanza. Na kushtukiza kuna kasoro yake ambayo wazazi hawaioni: kunaisha haraka. Ukimletea mtoto keki Ijumaa hii kwa sababu umemkuta anasoma, na Ijumaa ijayo tena, na ile nyingine, huo tayari ni mshahara. Ya tatu asipoiona atakuuliza iko wapi.

Lini ulipe, na ulipie nini

Nisieleweke kwamba nimeikataa pesa. Kuna mahali inafanya kazi njema, na kuna namna mbili za kuilipa ambazo hazilingani.

Mwanauchumi Roland Fryer alichapisha mwaka 2011 matokeo ya majaribio makubwa ya kuwalipa wanafunzi katika miji ya Marekani. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake machache kwenye kompyuta. New York, wanafunzi walilipwa kwa alama walizopata kwenye mitihani. Wa Dallas waliongezeka katika kuelewa wanachosoma. Wa New York hawakusogea. Kumlipa mtoto kwa kitabu ni kumlipia kitu kilicho mikononi mwake. Anajua kesho asubuhi afanye nini. Kumlipa kwa alama ni kumwambia avuke mto bila kumwonyesha kivuko. Anataka sana, ila hajui aanzie wapi.

Huku kwetu sisi wazazi karibu wote tunalipia upande wa pili. "Ukishika namba moja nakununulia baiskeli." Darasa lina watoto 80. Namba moja ni mmoja, na mara nyingi wote wanamjua tangu darasa la kwanza. Wengine 79 baiskeli yao imeshakufa siku ya kuahidiwa. Nimekaa mwisho wa muhula na mtoto aliyetoka namba 41 akawa wa 19, analia, kwa sababu nyumbani aliambiwa namba moja. Mtoto yule alifanya kazi kubwa kuliko yeyote mle darasani, na ripoti yake alipewa kama hukumu. Kama lazima uahidi kitu, kiahidi kwa jambo ambalo mtoto akilitia nia leo analiweza leo: kurasa kumi, hesabu tano zilizosahihishwa na kurudiwa, kitabu kimoja kilichosimuliwa.

Magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso, kulikuwa na mpango mwaka 2001 na 2002 wa kuwapa ufadhili wasichana wa darasa la sita waliofanya vizuri kwenye mtihani, asilimia 15 ya juu. Ada ililipwa shuleni, na familia ikapata shilingi 1,000 za Kenya kwa mwaka za kununulia mahitaji ya shule, kwa miaka miwili. Huo ni ushindani, na kwa niliyoyasema hapo juu ungetarajia wa chini wakate tamaa. Haikuwa hivyo. Michael Kremer na wenzake waliona alama zikipanda hata kwa wasichana ambao kwa matokeo yao ya nyuma hawakuwa na nafasi kubwa ya kushinda, na huko Busia walimu nao wakaanza kuhudhuria zaidi. Wasichana hawakusema wanapenda shule kidogo kuliko zamani. Mimi naielewa hivi: ada ni mlango. Msichana ambaye anajua kwamba mwaka ujao huenda asiwepo darasani haongezewi sababu ya kigeni ya kusoma unapomfungulia mlango, unamwondolea kizuizi. Ni tofauti sana na shilingi 500 kwa mtoto ambaye kitabu kiko mkononi na tayari anakifurahia.

Kuna ubishi kati ya wataalamu kuhusu jambo hili, na ni haki msomaji aujue. Mwaka 1999 Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya tafiti 128 wakaona kwamba zawadi za kushikika, zinazotarajiwa, hupunguza hamu ya mtu kufanya jambo lile akiwa huru. Robert Eisenberger na Judy Cameron walikuwa wamekwisha kusema kwamba madhara hayo ni madogo na yana mipaka. Wakibishana ukubwa wake, pande zote mbili hazioni madhara pale ambapo kazi yenyewe inachosha na hakuna hamu ya kupoteza. Kumlipa mtu apalilie shamba la ekari mbili juani hakutamwondolea mapenzi ya kupalilia. Hakuwa nayo.

Sifa

Hii haina gharama ya mfukoni, basi tunaitoa bila kuifikiria. Ndiyo ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayotolewa vibaya kuliko zote.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio kwa watoto wa darasa la tano huko Marekani. Kila mtoto alifanya mafumbo mepesi kidogo, akafaulu, akasifiwa. Wengine waliambiwa, kwa maana yake, una akili. Wengine waliambiwa, bila shaka umejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Baada ya hapo, walioambiwa wana akili walifurahia kazi ile kidogo kuliko wenzao, walikata tamaa mapema, na waliporudishiwa mafumbo mepesi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa kwa juhudi walipanda.

Tafsiri yake kwenye daftari la mtoto wako ni rahisi. "Una akili sana wewe, umetoka kwa babu yako" ni sifa tamu, na ni mzigo. Siku hesabu ikimshinda, maana yake akili imekwisha, na kilichobaki ni kuficha daftari. "Nimeona hapa ulikosea ukafuta ukarudia mara tatu" ni sifa inayomwonyesha njia ya kurudi. Walimu wenzangu tumezoea kuandika "Vema" kwa kalamu nyekundu chini ya kazi na kugeuza ukurasa. Sisemi tuache, darasa la watoto 80 lina mipaka yake. Lakini kwa watano kwa siku, ongeza maneno manne ya kilichofanyika vema. Mtoto hulipeleka daftari hilo nyumbani akiwa amelifungua ukurasa ule ule.

Ukilinganisha na pesa, sifa ina faida moja kubwa: katika mkusanyiko ule wa tafiti 128, maneno mazuri ya kweli kwa ujumla yaliongeza hamu badala ya kuipunguza, ingawa kwa wadogo nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko kwa vijana wa chuo. Ina sharti pia. Ikitolewa kwa kumshika mtu, mfano "Vizuri, umefanya kama nilivyokuambia, endelea hivyo hivyo," inageuka kamba. Mtoto anasikia kwamba kazi ile ni yako, yeye anaifanya kwa niaba yako.

Kumwacha

Hii njia wazazi wengi hawaihesabu kuwa njia. Wanaona ni uzembe. Kwa mtoto anayependa jambo tayari, mimi naiweka ya kwanza.

Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa Leipzig, Ujerumani, waliandika mwaka 2008 kuhusu watoto wa miezi 20. Mtu mzima anaangusha kitu, hakifikii, mtoto anakiokota na kumpa. Watoto wa umri huo hufanya hivyo bila kuombwa. Baadhi yao wakawa wanapewa kitu cha kuchezea kila wakisaidia. Wengine hawakupewa chochote. Zawadi zilipoondolewa, wale waliozizoea ndio waliosaidia kidogo kuliko wenzao.

Yeyote aliyekulia uswahilini anaijua picha hii kwa sura nyingine. Zamani mtu mzima yeyote wa mtaa alikutuma dukani. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, hebu niletee chumvi." Ulikwenda mbio, ukarudisha chenji yote ukaihesabu mbele yake. Siku moja moja anakwambia chenji baki nayo, na siku hiyo uliruka mpaka nyumbani. Huo ndio mshtuko wa kweli. Siku hizi nimesikia mtoto wa miaka saba akimuuliza bibi kizee wa jirani, kabla hajapokea pesa ya chumvi, "Na mimi utanipa shingapi?" Bibi hakukasirika. Alinyamaza, akajishika kiuno, akaenda dukani mwenyewe. Mtoto yule hakuzaliwa na swali hilo. Sisi watu wazima tulimfundisha kwa kutoa mia kila safari, tukidhani tunamtia moyo. Kazi za nyumbani, kuosha vyombo, kumbeba mdogo, kumsaidia jirani: hapo ningemshauri mzazi asilipe kabisa. Hizo ndizo zinazomfanya mtoto ajione ni wa nyumba hiyo, si mpangaji.

Kumwacha hakufanyi kazi kwa mtoto ambaye hana cha kuachiwa. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, au yenye kibatari kinachozimwa saa mbili kuokoa mafuta ya taa, mtoto akiachwa humo ameachwa gizani.

Kwa wanaosimamia watu wazima

Wapo wasomaji ambao hawachagui kwa ajili ya mtoto. Ni wakuu wa shule, viongozi wa vikundi, wasimamizi wa miradi. Hapa hesabu inabadilika, maana mtu mzima anayefanya kazi lazima alipwe, na mshahara mdogo hauongezi mapenzi ya kazi kwa yeyote. Swali linabaki juu ya ile ya ziada, bonasi na posho.

Busia na Teso hizo hizo, mwaka 1998 na 1999, shule 50 ziliwekewa zawadi kwa walimu kufuatana na alama za wanafunzi, thamani yake asilimia 21 hadi 43 ya mshahara wa mwezi. Alama kwenye mitihani iliyohusika zilipanda. Walimu hawakuacha utoro, hawakuongeza kazi za nyumbani. Waliongeza vipindi vya maandalizi ya mtihani. Mpango ulipokwisha, faida haikudumu. Kama mwalimu, nasoma hayo bila kuwalaumu wenzangu. Walilipwa kwa alama, wakaleta alama.

Tanzania tuna mfano wetu, KiuFunza, uliosimamiwa na shirika lisilo la kiserikali la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. Nyingine walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo, na mwalimu mkuu 1,000. Nyingine zilipata vyote. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo. Bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko, yakitegemea ni mtihani gani unaangalia. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda kwa uhakika. Mwalimu mwenye ari na asiye na vitabu amekwama, na vitabu bila ari vinakaa kwenye boksi ofisini. Ukitaka kuchagua kati ya kununua vifaa na kutoa bonasi, kwa ushahidi huu usichague.

Njia ya tatu, ya bei nafuu, ni kutambuliwa. Lusaka, Zambia, wasusi na vinyozi waliombwa kuuza kondomu za kike kwa wateja wao kwa ajili ya kuzuia Ukimwi. Baadhi walipewa faida ndogo kwa kila pakiti, wengine faida kubwa, wengine hawakupewa pesa ila bango la kubandika saluni, na kila pakiti inayouzwa nyota moja inaongezwa kwenye bango mteja akiona. Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack walichapisha matokeo mwaka 2014: wenye nyota waliuza karibu mara mbili ya wenye pesa. Nimewahi kusikia mtu akiyaeleza matokeo haya kana kwamba nyota ni hila ya kukwepa kulipa. Sikubali. Msusi wa Lusaka anamjua mteja wake, ameshazika wateja wake. Nyota ilimwambia kwamba kile anachokijali kimeonekana.

Faini ni zawadi iliyogeuzwa nje ndani, na inaharibu kwa njia hiyo hiyo. Mjini Haifa, Israel, vituo vya kulelea watoto vilichoka na wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza mwaka 2000 kilichotokea vituo kadhaa vilipoweka faini ya shekeli 10: waliochelewa waliongezeka karibu mara mbili, na faini ilipofutwa hawakurudi walipokuwa. Kabla yake mzazi aliona aibu mbele ya mwalimu aliyekaa na mtoto wake. Faini iliigeuza aibu kuwa bei. Mwenye kikundi cha vikoba aliyeweka faini ya kuchelewa kikao, na sasa anaona wanachama wanaingia saa moja baadaye wakiweka elfu moja mezani kwa kujiamini, anajua ninachosema.

Kama nyumba yangu ingekuwa yako

Ningekuuliza mambo mawili kabla ya kutoa shilingi. Mtoto huyu, akiachwa peke yake na hakuna anayemwona, analifanya jambo hili? Kama analifanya, usiahidi kitu. Mpe muda, mpe vitabu, kaa naye akusimulie, umwambie ulichokiona, na mara moja kwa mwaka mshtukize. La pili: asipolifanya, ni kwa sababu halipendi au kwa sababu haliwezi? Asiyeweza kusoma halipwi ili aweze. Anafundishwa, na malipo madogo yanaweza kumvusha zile wiki za mwanzo zenye uchungu mpaka aonje ladha. Lipia hatua, usilipie namba. Weka mwisho tangu mwanzo: vitabu vitano, halafu basi. Nilikosea kwa kutoweka mwisho, na nilikosea zaidi kwa kutangaza ahadi moja kwa watoto wawili kwa hofu ya kuonekana napendelea.

Ukitaka kutoka kwenye malipo uliyokwisha kuyaanza, usiyakate kwa hasira wala kwa hotuba. Lipa kwanza yote unayodaiwa. Mwanangu nilikuwa na deni lake la shilingi 1,500, nikampa siku ile ile niliyowaambia kwamba mpango umekwisha. Kisha vumilia kipindi cha ukame, ambacho mtoto huenda asisome kabisa. Kwa binti ilichukua karibu muhula mzima. Nilirudisha kile kitabu kinene kutoka juu ya kabati, nikakiacha kwenye mkeka bila neno, na jioni nikawa nakisoma mimi mwenyewe kwa sauti ndogo huku napika. Siku kadhaa alinipita. Siku moja nilisoma jina la mhusika vibaya. Akanisahihisha kutoka chumbani.

Vitumbua bado tunanunua kwa mama yule yule. Bado anafungia kwenye gazeti.